Hofu, Hana Jeraha

Waliponivisha kile kikadi shingoni nilitaka kukichana palepale. Zipora, jirani yangu, alipewa tumbo lililopasuka. Walimpaka rangi nyekundu kuanzia kifuani hadi kiunoni, wakamfundisha namna ya kuguna, naye akawa anatembea huku na huko akijionyesha kama bibi harusi. Mwenyekiti wa kijiji alipewa mguu uliovunjika pamoja na gongo la kuegemea. Mimi, mjane niliyelea watoto kwa jembe la mkono hapa Mlali, nikapewa karatasi ngumu ya kijani iliyoandikwa: Hofu, hana jeraha.

"Hofu ya nini?" nikamuuliza askari aliyenivisha.

"Ya vita, mama. Umekimbia kijijini kwako, umesikia milio, umechanganyikiwa. Wewe kazi yako ni kuhangaika tu na kuuliza watoto wako wako wapi."

"Na hakuna kidonda hata kimoja kilichobaki?"

Akacheka, akaenda kwa mwingine. Nami nikabaki na hofu yangu shingoni, nimenuna.

Ilikuwa hivi. Kikosi cha askari yule kilikuwa kinajiandaa kwenda Kongo, huko ambako watu wanakimbia makwao usiku na mchana. Waganga wa jeshi wakifika huko hupokea raia wanaokimbia, huwatibu, huwapa maji, huwachimbia vyoo. Kabla ya kuondoka walitaka kufanya mazoezi na watu halisi, watu wanaosukumana na wasiojua kupanga foleni, ndivyo alivyosema kapteni wao. Ikaonekana hakuna watu wa namna hiyo kama sisi. Wakaja kupiga mahema yao kwenye uwanja wa mpira karibu na shule ya msingi, gari likapita na spika likitangaza kwamba tutakaoigiza wakimbizi tutatibiwa kweli mazoezi yakiisha. Wenye meno mabovu wakaja, wenye presha wakaja, akina mama wakaja na watoto wenye minyoo.

Mimi sikwenda kwa ajili ya jino. Mkwe wangu alikuwa katika kikosi hicho. Binti yangu Anitha, anayekaa naye Nkuhungu pale Dodoma mjini, alinipigia simu siku moja kabla. "Mama, nenda ukamwone anavyofanya kazi, halafu unisimulie. Anaondoka muda si mrefu na mimi sijawahi kumwona kazini."

Nikamwone. Mtoto huyu amekaa mjini mpaka amesahau alikotoka. Kwetu sisi mama mkwe hamtazami mume wa binti yake, naye hamtazami. Hatushikani mikono. Mmoja hali mbele ya mwenzake. Nikikutana naye njiani, mimi nafunika uso kwa kanga na yeye anageukia porini kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Jina lake liko, watu wote wanalitumia, na siku ile lilikuwa limeshonwa kwenye shati lake, lakini mimi sikuwahi kulitamka. Nilimwita baba William, kwa jina la mjukuu wangu, tena nikiwa nazungumza na mtu mwingine. Nikiwa na neno la kumwambia, Anitha alilipeleka. Kama Anitha hayupo, niliuambia ukuta: "Ee ukuta, mwambie baba William mvua inakuja, aingize baiskeli." Naye aliujibu ukuta kwa adabu. Watu wa mjini wakisikia habari hizi hucheka. Wacheke. Heshima yetu haisubiri ruhusa yao.

Tena mkwe huyu sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Yeye ndiye aliyeamua nikapimwe kisukari, kwa sababu Anitha alimwambia nakunywa maji ndoo nzima na bado nina kiu. Tangu nianze vidonge, kila nikipigiwa simu mwisho wake ni uleule: "Baba William anasema usimeze kidonge bila kula." Nilikuwa nimechoka kuusikia. Asubuhi ile nilimeza kidonge na chai ya rangi, maji ya ugali wa uwele yako jikoni yanaanza kuchemka, gari la spika likapita, Zipora akaita uani kwamba tunachelewa. Nikaepua sufuria, nikafunga mlango. Walikuwa wametangaza kwamba chakula kitakuwepo.

Kweli kilikuwepo. Mbele ya hema la kwanza waliweka meza yenye biskuti na juisi, na nyuma ya meza, mikono ya shati imekunjwa, anamgawia kila anayeingia, amesimama mkwe wangu.

Nikageuza uso. Zipora, mwanamke asiye na haya, akachukua zake na zangu, akanitia pakiti mkononi. "Kula."

"Nile hapa? Yule pale ni nani?"

"Mpe mgongo basi."

"Mgongo hauzibi masikio yake. Atanisikia nikitafuna."

Nikafunga zile biskuti kwenye pindo la kanga. Nilijiambia nitakwenda kuzila nyuma ya vyoo vya shule. Lakini kabla sijapiga hatua wakaanza kutupanga, wenye kadi nyekundu huku, wenye njano kule, sisi wa kijani, wa kusubiri, karibu na goli la upande wa mashariki. Na kila nilipotafuta pa kujificha, mkwe alikuwa amefika kabla yangu. Mara anavuta kamba, mara anabeba machela, mara anasimamisha nguzo. Sijui huyo mtu alikuwa na miguu mingapi. Juisi walikuwa wanaigawa palepale mezani pake, ndiyo maana nayo sikuionja.

Tungeanza mapema ningekuwa nimemaliza mapema. Ila kulikuwa na mkubwa aliyetarajiwa kutoka mjini kuja kuangalia mazoezi, na mkubwa hakuja kwa wakati. Tukamsubiri. Jua likapanda. Upepo wa Julai unapiga, vumbi linaingia puani, watu wamejikunyata kwenye masweta, na mimi natoka jasho. Nikakaa chini. Nikasimama. Nikakaa tena. Miguu haikutaka kutulia, mikono nayo inatafuta kitu cha kushika, nikawa navuta nyasi kavu na kuzikata vipande vipande.

"Umeanza mapema," Zipora akaniambia. "Subiri filimbi."

Nikamwambia rangi yake inanuka nyanya iliyooza. Nikamgombeza mwenyekiti kwamba gongo lake linatifua vumbi. Kuna mama mmoja alikuwa ananyonyesha, nikamwuliza kwa nini mtoto wake ananiangalia vile. Nilikuwa na hasira na kila kitu kilichokuwa mbele yangu, hasira inayotetemesha mpaka meno. Lakini niulizeni mimi, nani angeshtuka? Mimi Anjelina nikigombana, Mlali nzima inajua ni siku ya kawaida. Siku ambayo nimenyamaza ndiyo wangekuja kunijulia hali.

Mkubwa akafika, akakalishwa kwenye kiti kivulini. Filimbi ikalia.

Hapo ndipo ninayoyakumbuka na niliyosimuliwa yanapoanza kugombana. Nakumbuka risasi za baridi. Walikuwa wametuambia hazina kitu ndani, ni mlio tu, na asubuhi tulizijaribu tukacheka. Zilipolia safari hii sikucheka. Wakawasha moshi. Watu wakaanza kukimbia na mizigo yao kichwani, wakipiga kelele kama walivyofundishwa, na nikiwatazama sikumfahamu hata mmoja. Uwanja wa mpira haukuwa uwanja tena. Nilikuwa shambani kwetu, upande wa mlimani, uwele umeiva, na Anitha mdogo wa miaka mitano yuko juu ya kichanja anafukuza ndege peke yake. Nilimwacha mwenyewe pale nikaenda kuchota maji. Na sasa vita imekuja, imepita katikati yangu na kile kichanja.

Nataka mnielewe. Sikuwa naigiza na sikuwa naota. Niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu nizaliwe, hata siku mume wangu alipokata roho mikononi mwangu sikuogopa vile. Nilikuwa na uhakika kwamba nikisimama mahali pamoja mtoto wangu atakufa, ndiyo maana sikusimama.

Yanayofuata ni ya Zipora, naye huongeza chumvi, lakini wengine walioona wanasema safari hii hakuongeza. Anasema nilifungua mizigo ya watu mmoja mmoja nikimtafuta mtoto ndani. Nilipindua ndoo ya maji. Nilimrukia askari mmoja nikamvuta ukosi nikamwuliza amemficha wapi, akasoma kadi yangu, akasema, "Kijani. Kaa pale kwenye mkeka, mama," akanipeleka mkekani kwa upole kabisa. Nikatoka mkekani. Mwingine akasoma kadi, akanirudisha. Nikatoka tena. Yule mkubwa pale kivulini aliwaambia wenzake kwamba huyu mama ni msanii, na wakanipigia makofi. Watu wa kijiji nao wakapiga makofi. Zipora mwenyewe, aliyekuwa amelala chini na tumbo lake, anasema alinionea wivu.

Na mkwe wangu alipita karibu yangu mara nyingi. Alikuwa amepewa kazi ya kuamua nani aingizwe hemani kwanza na nani asubiri. Kila alipofika kwangu macho yake yalikuwa chini, kama heshima inavyotaka, na mahali pa juu kabisa ambapo macho yale yangeweza kufika palikuwa kifuani pangu, kwenye kadi. Hofu, hana jeraha. Akapita. Angeinua uso kidogo tu angeona midomo iliyopauka na jasho linalotiririka kwenye baridi ile, mambo ambayo amesomea na anayajua kuliko watu wote waliokuwa uwanjani. Lakini angeinuaje uso? Mimi mwenyewe ningemwona hana adabu.

Halafu magoti yakaniishia. Nilianguka mbele ya hema la kwanza, kanga ikatoka kichwani, na nikamwona mtu aliyeshika ncha ya machela, na katika watu wote wale huyo mmoja nilimjua.

"Marko," nikaita. "Marko mwanangu, mtoe Anitha shambani. Wametuacha. Marko, usiniache na mimi."

Zipora anasema Marko aliachia machela. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa juu yake na mguu wake uliovunjika, akaanguka chini kwa kishindo, akasimama kwa miguu yote miwili akitukana. Marko hata hakumtazama. Alinyoosha mkono juu akasema kwa sauti ambayo iliwanyamazisha hata wapiga kelele wa kuigiza, "Sitisha. Sitisheni zoezi."

Kapteni wao, daktari mwanamke aitwaye Zaitun, mtu wa Tanga, akaja mbio. "Koplo Marko, nani amekuamuru usitishe?"

"Afande, huyu haigizi."

"Umejuaje?"

"Ameniita jina."

"Jina lako liko kifuani kwako. Kila mtu hapa analisoma."

"Ni mama mkwe wangu, afande," Marko akasema. "Mimi ni Mgogo. Akiwa na akili zake huyu mama hawezi kuniita jina, hata akifa."

Kapteni Zaitun huenda hakuelewa. Lakini alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu filimbi ilie. Aliinama, akanishika kidevu, akanitazama usoni. "Lete kipimo cha sukari," akasema. Kule kivulini mkubwa bado alikuwa anapiga makofi, akidhani hilo nalo limo kwenye mchezo.

Wakanitoboa kidole. Sukari ilikuwa imeshuka mno, namba yake kapteni hakuisoma kwa sauti. Akaanza kutafuta mshipa wa kuniwekea dripu, na mishipa ilikuwa imejificha, na mimi natupa mikono. Marko alipiga magoti, akanilegeza kanga ya kiunoni nipumue, na pindo likafunguka. Zikaanguka biskuti, pakiti nzima, haijaguswa. Zipora anasema Marko aliziokota, akaziangalia, na akaelewa palepale kwa nini sikuzila na sikuzila mbele ya nani. Anasema hajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Kisha akachukua glukosi ya unga, akailowesha kidogo, akaniweka kichwa pajani pake, akanitia kidole mdomoni. Kidole chake, mdomoni mwangu. Akanipaka ile glukosi ndani ya shavu, akachota tena, akapaka tena, kama mtu anayemlisha mtoto mchanga uji. Nilimng'ata. Nilimng'ata mpaka damu ikatoka, damu ya kweli kati ya zile rangi zote, na hakutoa kidole mpaka kapteni aliposema dripu imeingia.

Nilirudi taratibu. Kwanza utamu kwenye ulimi, kisha chumvi. Kisha vifungo vya shati, na juu ya vifungo herufi zilizoshonwa. Kisha nikajua kichwa changu kiko wapi.

Nitasema ukweli: nilitamani wangeniacha nife. Sisemi kwa mbwembwe. Aibu iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko ile hofu ya vita, kwa sababu vita haikuwepo na aibu ilikuwepo, na kijiji kizima kimesimama duara kinatazama. Nikatafuta kanga nijifunike, kumbe Zipora ameikalia na rangi zake. Nikajifunika kwa mikono, mmoja una sindano ya dripu.

Marko akanilaza kichwa changu juu ya blanketi lililokunjwa, akasimama, akanipa mgongo. Nikamsikia anaiambia nguzo ya hema, "Ee nguzo, mwambie mama sukari imeanza kupanda. Asihangaike, alale."

"Ee nguzo," nikasema, "mwambie nimesikia."

Kapteni Zaitun aliitazama nguzo, akatutazama sisi, akaenda kwa wagonjwa wake.

Basi wakanirudisha nyumbani kwa gari lao. Nikadhani nikifika kwangu nitatulia. Sikutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda kisimani na ndoo nikarudi na ndoo tupu. Nikikaa kula, nikitia tonge mdomoni, nakumbuka kile kidole, nasukuma sahani. Kisha nakumbuka kidonge, nairudisha sahani, nakula kwa hasira. Zipora alikuwa ananijia kila saa kunisimulia upya, kila mara akikumbuka jambo jingine alilolisahau, mpaka nikamfungia mlango.

Elieza, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuja na fimbo yake na uso wa kikao. Akakataa kiti. "Shemeji, mkwe wako amekutia mkono mdomoni. Amekulaza pajani mbele ya watu. Jambo hilo halikai hivihivi. Alete mbuzi, wazee waketi, tuioshe aibu hiyo. Kabla ya hapo asikanyage hapa."

"Na asingetia huo mkono?" nikamuuliza.

"Ungekufa na heshima yako."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Na ajabu ni kwamba mimi mwenyewe siku tatu nzima nilikuwa nawaza hivyohivyo, neno kwa neno, na likiwa kichwani mwangu lilionekana neno zuri la mwanamke aliyelelewa. Lilipotoka kwenye mdomo wa Elieza, aliyekuwa amekwisha kunywa chai kwake na kushiba, lilinichefua.

Siku iliyofuata Anitha akapiga simu, analia. Marko halali. Anafungasha begi lake la safari, anafungua, anafungasha tena. Chakula anaangalia tu. Na amemwambia Kapteni Zaitun amwondoe kwenye safari ya Kongo, ampeleke mtu mwingine, kwa sababu yeye hafai.

"Hafai kwa nini? Si amenitibu?"

"Mama, anasema alikupita. Anasema alipita karibu yako mara nyingi na hakukuona."

Sikuwahi kufikiria kwamba na yeye kuna kitu kinamkimbiza huko Nkuhungu. Nilidhani aibu yote ni yangu peke yangu, nimeibeba mimi na kanga yangu.

"Mlete," nikasema. "Na huyo mbuzi mje naye, Elieza apate kunyamaza."

Wakaja na beberu waliyemnunua Kibaigwa. Wazee wakaketi, wakasema yanayosemwa, wakamchinja, wakala, na aibu ikaoshwa. Elieza alikula kuliko wote. Sikujua kwamba heshima yangu ina mchuzi mtamu kiasi kile. Walipomaliza wakaaga, wakaondoka wameridhika, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi naendeleaje.

Tukabaki sisi. Marko alikaa nje juu ya kigoda, ameupa mgongo mlango. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, kanga hadi kwenye pua. Anitha alisimama kizingitini katikati yetu kama alivyozoea kusimama tangu aolewe.

"Mwambie mama nashukuru kwamba amepona," Marko akasema.

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie anisamehe kwa yale ya uwanjani."

"Mwambie nimesikia na hilo."

Nikamsikia anakwaruza ardhi kwa kisigino. Kisha akaanza kusema tena, na safari hii sauti haikuwa ya mtu anayetuma salamu.

"Anitha, mwambie mama hivi. Kule tunakokwenda hawatakuja mmoja mmoja. Watakuja mia kwa mara moja, wengine wanapiga kelele, wengine wamenyamaza, na mimi ndiye wa kuchagua nani anaanza. Uwanjani nilimjua mama kwa sababu aliniita. Asingeniita ningempita tena, angekufa mbele yangu na kadi yake shingoni. Kule nani ataniita? Hakuna mtu kule anayenijua jina. Nitawapita wangapi?"

Anitha akageuka kunifikishia ujumbe. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimesikia, kama nilivyosikia kila neno alilowahi kusema tangu siku aliyoleta posa, na ule ukuta haukuwahi kunisaidia kubeba hata moja.

Nikausukuma mlango, nikatoka. Anitha alisogea kunipisha, ameduwaa. Nikazunguka mbele ya Marko, nikapindua kinu, nikakaa juu yake, magoti yangu karibu yaguse yake. Alikuwa tayari amegeukia porini.

"Marko," nikasema.

Akainamisha kichwa.

"Mimi ni mzima. Nimekula, nimemeza kidonge, nina akili zangu zote na bado nimekuita. Nitazame."

Akatazama miguu yangu. Nikasubiri. Akapanda hadi kwenye mikono, akaishia hapo, shingo imekakamaa kama ya ng'ombe anayekataa kuingia kwenye josho.

"Juu," nikamwambia. "Hofu haikai kwenye kadi, mwanangu. Nitazame juu."

Nikashusha kanga hadi mabegani. Upepo ukanipiga masikioni, mahali ambapo mbele ya mtu huyu haujawahi kunipiga. Nilikuwa natetemeka, na safari hii sukari haikuhusika. Marko akainua uso.

Na mimi ndipo nikamwona. Mnajua kwamba sikuwahi kumwona? Paji pana, ndevu zilizonyolewa vibaya, jipu dogo kwenye shavu. Alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyofikiri. Miaka yote hiyo nilikuwa namkimbia njiani mtoto huyu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mwanzoni yalitaka kutoroka, kulia, kushoto, kwenye paa. Nikayashikilia na yangu. Kisha yakatulia, na nikaona yanaanza kufanya kazi. Yalipita usoni mwangu polepole, midomo, mashavu, chini ya macho, kama mtu anayechambua choroko kwenye ungo na hataki jiwe limpite.

Anitha alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyovuta kamasi. Hatukumjali.

Macho ya Marko yakaganda mahali pamoja. Akasogeza kichwa kulia kidogo, akakirudisha. Alipozungumza hakumwambia Anitha, wala ukuta, wala nguzo.

"Mama, hilo jicho la kushoto. Unaniona nalo?"

Hakuna aliyekuwa akijua. Si Anitha, si Zipora anayeingia kwangu bila hodi, si padri. Nilikuwa nimelificha nyuma ya kanga, na mwanamke anayejifunika uso kwa heshima hakuna anayemuuliza anaficha nini.

"Sikuoni nalo," nikamjibu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujamwoa huyu."

Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yangu, akanyoosha mkono wenye kidole kilichofungwa bendeji, na kwa kidole gumba akaniinua kope.

"Tazama juu, mama," akasema.

Nikatazama juu.